Kabla Hujanunua Turbo Nyingine: Kupima Upepo na Joto Lake Kwenye Semi Iliyoongezwa Nguvu

Simu ninayopigiwa ni ileile. Dereva yuko Kikatiti au Maji ya Chai, njia ya kupanda Arusha, ametoka upande wa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na mzigo kamili, gari limeanza kuchoka, moshi mweusi unafunika tela na mshale wa joto unapanda. Swali lake: "Fundi, turbo imekufa?", yaani ile mashine inayozungushwa na gesi ya ekzosi na kubana hewa ya injini, hewa ambayo sisi mafundi tunaiita upepo. Jioni anapiga tajiri mwenye gari: "Nikifunga kubwa zaidi ya hii, si itavuta?" Nimejibu maswali haya mawili mara nyingi mno kwa simu, kwa hiyo naandika hapa utaratibu wote ninaoufuata gereji, mwanzo mpaka mwisho, ili ukipata shida uanze kupima kabla hujatoa pesa.

Mwongozo huu ni kwa gari lililokwisha kuguswa: pampu ya dizeli imefunguliwa, nozeli za kunyunyizia dizeli zimebadilishwa, turbo kubwa imefungwa, au kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeandikwa upya ili itoe dizeli nyingi zaidi. Kama gari lako liko kama lilivyotoka kiwandani, hatua ni hizihizi, ila wewe una nafasi kubwa zaidi ya kusamehewa. Gari lililoongezwa dizeli halisamehe. Kila kasoro ya upepo inageuka moshi na joto papo hapo.

Nilipoanza kazi hii nilimfungisha mteja turbo ambayo hakuihitaji. Siku tatu baadaye gari lilirudi na ugonjwa uleule, na yule mzee hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa kijana wangu, tulikuwa tunatibu nini?" Tangu siku hiyo sigusi boliti ya turbo kabla sijapima vitu viwili: presha ya upepo na joto la upepo.

KIDOGO TU KUHUSU SABABU

Ukijaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, pampu inapata moto. Turbo ni hivyohivyo, ila kwa ukali zaidi. Hewa ikiingia kwenye turbo na nyuzi 30, ikabanwa mara mbili na nusu, inatoka na nyuzi zinazokaribia 150. Kazi ya intakula, ile rejeta ya upepo iliyo mbele ya gari, ni kuipoza kabla haijafika manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), kwa sababu hewa ya moto imetanuka: kila nyuzi 10 zinazoongezeka pale manifoldi zinakunyang'anya kama asilimia 3 ya hewa. Dizeli bado inaingia ileile, hewa imepungua. Hapo ndipo moshi mweusi unapotoka.

Jambo la pili ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Moshi iko kama mita 800 hadi 900, Arusha mjini ni kama mita 1,400. Hewa ya kawaida Arusha ina presha ya kama bar 0.86, wakati Dar ni 1.01. Geji ya turbo inaonyesha kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Ukiona bar 1.5 Dar na bar 1.5 Arusha, si hewa sawa, ya Arusha ni pungufu kwa kama asilimia 6. Na ukitaka kuifidia kwa kuilazimisha turbo, itazunguka kasi zaidi na upepo utatoka wa moto zaidi. Ndiyo maana gari lililorekebishiwa pampu Dar likaonekana safi kabisa linaweza kufika Sakina, hapa Arusha, linafuka kama tanuri la matofali.

VITU VYA KUANDAA

- Geji ya presha ya bar 0 mpaka 4 (psi 0 mpaka 60), pamoja na mpira mwembamba mrefu wa kufika ndani ya kabini.
- Kipima joto cha dijitali chenye waya wa kuchomeka, ikiwezekana chenye waya mbili. Ile bastola ya kupima joto, kama waliyokuwa wakitulenga nayo mlangoni wakati wa korona, inasoma joto la chuma kwa nje. Haisomi upepo uliomo ndani, na juu ya aluminiamu inayong'aa inadanganya kabisa. Itumie kwa jambo moja tu nitakalolitaja hatua ya 6.
- Kompresa yenye kidhibiti cha presha kinachofanya kazi kweli.
- Vizibo vya chuma vya mdomo wa turbo na midomo ya intakula. Mchongaji yeyote mwenye lethi atakutengenezea. Usitumie bomba la plastiki la maji. Likipasuka na upepo ndani, vipande vinaruka kama risasi.
- Mnyororo au mkanda wa kufungia vizibo, maji ya sabuni, brashi laini, tochi, na kioo kidogo cha kutazamia chini.
- Daftari. Usitegemee kichwa.

HATUA ZA KAZI

1. Sikiliza historia ya gari. Muulize dereva, si tajiri peke yake. Nani alifungua pampu, wapi, lini? Nguvu ilipungua ghafla au taratibu? Ghafla mara nyingi ni mpira uliochanika au kuchomoka. Taratibu ni uchafu: filta, intakula, au mafuta yaliyojikusanya ndani.

2. Tazama filta ya hewa na njia yake yote. Usiipulize filta kwa upepo mkali wa kompresa ukairudisha. Karatasi inapata matundu usiyoyaona, na vumbi laini la barabara zetu linapita moja kwa moja kulamba mapanga ya turbo. Kama imeziba, weka mpya.

Sasa tazama hewa inavutwa kutoka wapi. Hili nalikuta sana kwenye magari yaliyoongezwa nguvu: mtu ameondoa bomba refu la nyuma ya kabini lililokuwa linavuta hewa ya juu, akafunga filta ya wazi chini ya kabini, karibu na injini, kwa sababu inatoa mlio mzuri. Mlio ni mzuri, ni kweli. Lakini pale chini, gari likiwa linapanda, hewa inaweza kuwa na nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje. Na turbo haiziachi zibaki 20, inazizidisha: kwa ubanaji nilioutaja hapo juu, kila nyuzi 1 mlangoni inakuwa karibu nyuzi 1.4 kwenye kutokea. Zile 20 zinafika intakula zikiwa 28. Kama umekuta hali hii, rudisha bomba la juu kwanza, kisha ndipo uendelee kupima. Mara kadhaa kazi yangu imeishia hapa.

3. Kagua turbo kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Toa mpira wa kuingizia hewa. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuisukuma mbele na nyuma hutakiwi kusikia mchezo wowote wa maana. Kuitikisa juu na chini, mchezo kidogo ni kawaida, maana beringi zake zinaelea kwenye oili. Kisichotakiwa ni mapanga kugusa nyumba yake. Angalia kingo za mapanga: zikiwa zimelika au zimepinda, kuna kitu kilipita, na usifunge turbo mpya mpaka ukijue.

Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira si ugonjwa. Oili inayotiririka ni ugonjwa.

4. Pima uvujaji. Hatua hii ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote, usiikimbize.

Kuna kichwa kimoja cha semi kililetwa kwangu kikiwa kimekwisha kubadilishiwa turbo mara mbili ndani ya miezi michache, kwenye gereji nyingine. Likiwa limesimama, kila kitu kilionekana kizima. Nikalala chini na kioo na tochi. Mpira wa chini wa intakula, upande wa kushoto, ulikuwa mkavu na safi kwa juu. Kwa chini, pale unapopita karibu na chesisi, kulikuwa na mstari mweusi wa vumbi lililoshikana na mafuta, urefu wa kidole cha shahada. Nikaubonyeza kwa kidole gumba na mstari ukafunguka. Bila presha ulifumba kabisa, hata karatasi isingepita. Gari likibeba na mpira ukapata moto, ulikuwa unafunguka na kumwaga upepo wote chini. Mpira mmoja, turbo mbili.

Fanya hivi. Ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chako, kifunge kwa mnyororo kwenye kitu kigumu. Fungua kifuniko cha kujazia oili ya injini ili presha isijikusanye chini. Tia upepo polepole mpaka bar 1, usizidishe, kisha pita na maji ya sabuni kwenye kila mpira, kila klempu, kila gasketi ya manifoldi. Mipira iguse kwa chini, kote usikoona. Ukisikia upepo unatokea kwenye ekzosi, huenda kuna vali iliyosimama wazi. Zungusha injini kidogo kwa spana, upime tena.

Kisha pima intakula peke yake. Ziba midomo yake yote miwili, funga vizibo kwa mnyororo, tia bar 2, funga upepo, hesabu sekunde 15. Ikishuka kwa psi 5 (bar 0.35) au pungufu, iache, intakula nyingi zinapumua kidogo. Ikishuka zaidi, ishushe ikachomelewe au ibadilishwe.

ONYO: usisimame mbele ya kizibo kikiwa na upepo. Bar 2 kwenye mdomo wenye kipenyo cha sentimita 10 ni nguvu ya zaidi ya kilo 150. Na usitumie mtungi wa oksijeni ya kuchomelea badala ya kompresa, hata kwa dakika moja. Oksijeni ikikutana na oili iliyomo ndani ya mabomba inaweza kuwaka na kulipuka.

5. Kagua ekzosi kabla ya turbo. Masizi meusi pembeni ya gasketi ya manifoldi ya ekzosi ni alama ya kuvuja, na gesi inayovuja hapo ni nguvu ambayo ingezungusha turbo. Kaza au badilisha gasketi.

6. Safisha intakula kwa nje, na ukague njia ya upepo. Mbegu za nyasi, wadudu na tope jembamba vinakaa kati ya kondensa ya AC na intakula, na kati ya intakula na rejeta, mahali ambapo ukitazama kupitia shoo ya mbele (ile grili) huoni kitu. Inua kabini, tumia tochi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote, na pezi lililolala linaziba kuliko tope.

Angalia pia zile sili za mpira au sponji pembeni mwa intakula na rejeta. Zikikosekana, hewa inapita pembeni badala ya kupita katikati. Feni nayo ishike kweli injini inapopata moto. Na kama umefunga ngao kubwa, taa sita na turubai lenye jina la tajiri mbele ya shoo, toa angalau turubai.

Hapa ndipo bastola ya joto inapofaa. Gari likitoka tu kupanda kilima, lisimamishe, acha injini kwenye sailensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta), ulenge tanki za pembeni za intakula, pale palipo na rangi au pachafu pasipong'aa. Upande wa kuingilia uwe wa moto sana, wa kutokea uwe wa vuguvugu. Pande zote zikiwa za moto, intakula haifanyi kazi yake.

7. Kama turbo iliwahi kumwaga oili, safisha intakula kwa ndani. Oili inapaka utando ndani ya mirija na joto halitoki tena. Ishushe, ijaze dawa ya kuondoa grisi, itikise, imwage, rudia mpaka kinachotoka kiwe kisafi. Suuza kwa maji ya moto, kisha ikaushe kabisa kwa upepo, hata ukilazimika kuiacha juani siku nzima. Usitumie petroli. Oili au dawa iliyobaki ikivutwa na injini inaungua kama dizeli, na injini inaweza kupiga resi yenyewe hata ukizima swichi. Ukipatwa na hilo, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao. Usithubutu kutumia mkono.

8. Funga vipimo, nenda barabarani. Geji moja ya presha iwe kwenye manifoldi. Waya mmoja wa joto uwe mdomoni mwa filta kupima hewa ya nje, wa pili uingie kwenye bomba la upepo baada ya intakula. Kama injini yako inarudisha gesi ya ekzosi ndani, waya ukae kabla ya mahali gesi inapoingilia, la sivyo utapima mchanganyiko na kuilaumu intakula bure.

Kwa gari lenye kompyuta unaweza kusoma kupitia mashine ya kupimia. Lakini kwanza washa swichi bila kuwasha injini, usome presha. Ikionyesha kama 0.86 ukiwa Arusha, mashine inajumlisha na hewa ya nje. Ikionyesha sifuri, inasoma kama geji. Wengi wamegombana na fundi kwa kutojua tofauti hiyo tu.

Chagua kilima kimoja na mzigo wa aina moja, siku zote. Mimi natumia kipande cha KIA mpaka Tengeru. Kwa wanaotoka Namanga, kupanda kutoka Longido kwenda Oldonyo Sambu kunafaa zaidi kwa sababu kunachosha injini vizuri. Kanyaga kabisa kwenye gia ya kubeba kwa angalau dakika mbili mfululizo, utingo asome na kuandika. Dereva asisome, dereva aangalie barabara.

9. Soma majibu. Toa joto la nje kwenye joto la baada ya intakula. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 25, lala usingizi. Kati ya 25 na 35, rudi hatua ya 6. Ikizidi 35, mimi siruhusu gari liondoke na mzigo. Mfano: nje nyuzi 27, manifoldi 71, tofauti 44. Hiyo ni intakula iliyoziba, au turbo inayolazimishwa kufanya kazi isiyo yake.

Kama una geji mbili, pima presha kabla na baada ya intakula kwa wakati mmoja. Tofauti ikizidi psi 3, imeziba kwa ndani.

10. Sasa, na sasa tu, gusa pampu. Kwenye pampu za zamani kuna kidude cha duara juu yake, chenye paipu nyembamba inayotoka manifoldi. Kazi yake ni kuzuia dizeli mpaka upepo wa turbo ufike. Mafundi wengi wanakikaza au kukiondoa ili gari "liruke". Kirudishe. Kagua diaframu yake (utando wa mpira ulio ndani) kama imechanika, na paipu yake kama imeziba. Rekebisha ukiwa Arusha kama gari linashinda Arusha, na punguza mpaka ubaki na moshi mwepesi wa kijivu unapokanyaga, unaopotea turbo ikishika.

Kwa gari lililoongezwa dizeli, funga pia kipima joto cha ekzosi kabla ya turbo. Mimi namwambia dereva: ikifika nyuzi 700, punguza mguu, shusha gia. Usisubiri ipande zaidi kwa sababu kilima kimebaki kidogo.

IKIWA BADO LINASUMBUA

Presha ndogo, joto la manifoldi la kawaida, moshi mweusi: upepo unavuja au ekzosi inavuja. Rudia hatua ya 4 na 5, injini ikiwa ya moto.

Presha nzuri, joto kubwa, moshi mweusi: intakula, feni, au mahali hewa inapovutwa.

Presha ndogo, hakuna moshi, gari zito: shida ni dizeli, si turbo. Angalia filta ya dizeli na ile diaframu ya hatua ya 10. Turbo haiwezi kuzunguka bila moto wa kutosha kutoka kwenye silinda.

Presha inapanda kupita kawaida halafu nguvu inakatika na taa ya injini inawaka: vali ya kupunguzia presha imekwama, au kompyuta inajilinda dhidi ya joto. Soma joto la manifoldi wakati nguvu inakatika, utajua ni lipi.

Moshi wa bluu asubuhi na oili inapungua: hapo ndipo uishuku turbo. Lakini kwanza kagua bomba la kurudishia oili. Likiziba, hata turbo mpya itamwaga.

Gari ni zuri Same na Mwanga, linachoka likifika Arusha, na vipimo vyote viko sawa: limejaa dizeli kuliko hewa ya huku juu. Punguza pampu. Litapoteza nguvu kidogo kule chini, litafika huku bila kuunguza pistoni.

Turbo mpya imekufa ndani ya wiki: muulize dereva anazimaje gari. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukizima ghafla baada ya kilima, oili inakatika wakati chuma bado ni cha moto na inaganda kuwa masizi ndani ya beringi. Dakika 3 mpaka 5 kwenye sailensa kabla ya kuzima, hata kama abiria wa kiti cha pembeni ana haraka ya kushuka.